Vishindo Viwili

Lanty Heslop hakuwahi kuiona bahari akiwa kazini. Watu walidhani anatania akisema hivyo, maana alikuwa mwendesha injini wa tagi, na kazi ya tagi ni kwenda baharini kuvuta meli. Lakini mwendesha injini hukaa tumboni mwa chombo, kati ya boila na mitambo, mahali ambapo mtu mrefu hawezi kusimama wima, na Lanty alikuwa mrefu. Habari za duniani aliletewa na buti la nahodha wake, Gawen Purvis. Gawen alisimama kwenye mbao za juu, usukani mkononi, na akitaka jambo alipiga kisigino. Kishindo kimoja ni mbele. Viwili, simamisha. Vitatu, rudi nyuma. Tagi zote za mto Tyne zilikwenda kwa lugha hiyo, na aliyekosea kuisikia alitafuta kazi kwingine kabla ya Jumapili.

Tagi yao iliitwa Patience, yaani Subira. Wahenga husema subira yavuta heri. Hii ilivuta meli za makaa ya mawe, na heri ilikwenda kwa wenye meli. Ilikuwa ya mbao, fupi na nene, ina gurudumu kubwa kila ubavu la kupigia maji, na bomba refu lililomwaga masizi juu ya nguo za kila mwanamke aliyethubutu kuanika karibu na mto. Boila lilikunywa maji ya chumvi. Kwa hiyo kila Jumapili, wenzake wakiwa wanaimba kanisani, Lanty aliingia ndani ya boila kwa magoti na kuubandua ukoko wa chumvi kwa patasi. Mkewe, Mally, alisema mumewe ndiye mtu pekee wa mji wao wa North Shields anayerudi na dhambi nyingi usoni kuliko alizoondoka nazo.

Mtu wa tatu wa Patience alikuwa Nichol Dunn. Kazi yake kubwa ilikuwa kusukuma kigari kilichojaa minyororo mikuukuu kutoka upande mmoja wa sitaha hadi mwingine, ili tagi ikilala na mawimbi, gurudumu la upande wa pili lisibaki likipiga hewa bure. Alisukuma huku akitukana. Matusi yake yalikuwa na vina, na Lanty kule chini alijua hali ya bahari kwa urefu wa beti.

Basi hayo ndiyo yalikuwa maisha, na hayakuwa mabaya kwa mtu asiye na doa. Lanty alikuwa nalo. Baba yake na babu yake walikuwa watu wa mashua za makaa, wanaume wa koti fupi la buluu walioteremsha makaa mtoni kwa kasia na upondo mpaka zilipotia nanga meli. Mwaka ule watu wa mashua walipogoma, wenye migodi walileta tagi zikazivuta mashua bila wao, na askari wakakaa juu ya makaa na bunduki zao. Lanty alikuwa na mke, mtoto anatambaa, na chungu kimelala kifudifudi. Gawen Purvis akamwambia, “Njoo kwangu. Sikuulizi ulikotoka.” Akaenda. Siku ya kwanza mtoni mawe yalivurumishwa kutoka gatini, na Gawen ndiye aliyemsukumia chini Lanty na kulipokea jiwe lililomlenga. Kovu lilibaki juu ya jicho, na Gawen hakulitaja tena ila kwa mzaha, kwamba tangu siku ile anaona meli zenye fedha kwa jicho moja na zisizo na fedha kwa jingine.

Mtoto aliyekuwa akitambaa alikuwa Cuddy. Alikua akipigwa na watoto wa mashua kwa ajili ya baba yake, na kila akirudi na pua inayovuja damu Lanty alimwambia, “Yataisha.” Hayakuisha. Alipopata ndevu, baba yake akamwomba aje kwenye tagi awe mchochea moto, wafanye kazi bega kwa bega. Cuddy alimjibu mbele ya mama yake.

“Afadhali nife chini ya tanga kuliko niishi chini ya bomba lako. Maisha yako yote unapigiwa kisigino kichwani, na wewe unaitikia. Babu aliwahi kupigiwa kisigino na nani?”

“Babu yako alikufa njaa akiwa wima,” Lanty akasema.

“Basi alikuwa wima.”

Akaondoka, akajiandika baharia kwenye Amity, meli ya milingoti miwili iliyopeleka makaa London na kurudi tupu. Tangu hapo hakuzipanda ngazi za nyumba yao. Meli ikiwa mtoni alilala ng’ambo ya kusini, kwa mama mmoja mwenye vyumba. Lakini mto ni mmoja. Mara kwa mara ilitokea Patience kuivuta Amity, na siku hizo Lanty aliiacha injini dakika moja akatoa kichwa kwenye kidirisha cha juu. Cuddy alimwona. Alitema mate majini, upande wa tagi, kisha akageuka kukunja kamba zake.

Jioni Lanty alimweleza Mally. Mally akauliza, “Alitemea penye upepo au nyuma ya upepo?”

“Penye upepo. Nusu yake ilimrudia.”

“Basi bado mjinga. Wajinga hurudi nyumbani.”

Walicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha kupozana. Lanty hakutaka makubwa hapa duniani. Alitaka kijana yule azipande zile ngazi, avue buti mlangoni, aketi, aseme “baba” bila kutema. Alimwambia Mungu hivyo hivyo, akiwa ndani ya boila, kwa kuwa ndipo alipokuwa kila siku ya Mungu.

Sasa mjue desturi moja ya pale, maana ndiyo iliyoua watu. Tagi hazikukaa zikingoja kuitwa. Zilitoka nje ya mlango wa mto kuwinda, na kila meli iliyokuwa inarudi ilipatana na nahodha wa tagi papo hapo, kwa kupigiana kelele majini. Na jambo la kwanza la kupatana lilikuwa kamba. Amari, ile kamba nene ya kuvutia, ikitoka kwenye meli, hiyo ni kazi ya kuvuta, ina ujira wake wa kila siku. Amari ikitoka kwenye tagi, watu husema meli imeokolewa, na mwokozi huenda kwa mahakimu kudai fungu lake katika meli nzima. Ndiyo maana nahodha wa meli angeng’ang’ania kamba yake hata akiwa amezama mpaka kidevuni, na nahodha wa tagi angezungusha maneno mpaka mwenzake achoke. Wote walijua mchezo. Kwa kawaida ulimalizika kwa matusi mawili matatu na kila mtu akala chakula chake cha usiku.

Siku ile ya mwezi wa tatu upepo wa mashariki ulikuwa umevuma tangu alfajiri, na bahari mlangoni ilikuwa imechafuka. Tagi nyingine zilirudi ndani. Gawen alibaki nje, maana siku mbaya ndiyo siku ya mawindo. Lanty alikuwa akisogeza makaa kwa koleo aliposikia vishindo viwili. Akasimamisha injini. Juu, kupitia kidirisha, sauti ya Gawen ilikuwa ya mtu aliyekutana na jirani sokoni.

“Nahodha Selby! Mlingoti wa mbele umeuvunja au umeuuza?”

Sauti ya mbali, ya kwenye tarumbeta ya kupazia sauti, ikajibu, “Sijakuita, Purvis!”

“Nani kasema umeniita? Mimi napunga upepo tu!”

“Punga huko mbele! Au chukua amari yangu univute, bei ya kila siku!”

“Amari yako imeoza, naiona kwa hapa! Chukua yangu, mpya, bado inanuka lami!”

“Ya kwako ina wakili amefungwa mwishoni!”

Nichol alipita na kigari chake karibu na kidirisha. Lanty akamwita, “Meli gani hiyo?”

“Amity,” Nichol akasema. “Usukani wao nao umekwenda. Wanasukumwa upande wa kaskazini.”

Upande wa kaskazini kuna miamba wenyeji wanaiita Jaa Jeusi. Lanty alitoa kichwa, akatazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akaiona bahari. Aliiona Amity imelala ubavu, mlingoti wake umening’inia kwenye kamba zake, na watu wamejikusanya nyuma. Mmoja wao alikuwa na kofia nyekundu ya sufu. Mally ndiye aliyeifuma.

“Gawen,” akasema. “Chukua kamba yao.”

Gawen hakugeuka. “Rudi kwenye injini yako, ndugu yangu.”

“Cuddy yumo.”

“Najua yumo. Ina maana sikuiona kofia? Na ndiyo sababu nakuomba ukiingize kichwa chako ndani. Selby akikuona hivyo atajua tuna mtu mle, na akijua, tumekwisha.”

“Wakifika kwenye miamba?”

“Hawafiki. Selby ni kichwa maji ila si mwendawazimu. Dakika chache tu atakubali, nimemjua miaka. Lanty, nilishawahi kukutupa?”

Lanty alilitazama lile kovu. “Hujawahi.”

“Basi niachie. Na ufunge kidirisha, maji yanaingia, yatakuzimia moto.”

Wimbi lilipanda wakati huo huo na kumwaga maji mpaka kwenye mlango wa tanuru. Lanty akafunga. Ulikuwa wajibu wake. Bila kidirisha hapakuwa na maneno tena, palikuwa na mngurumo wa moto, mvuke ukipiga mluzi kwenye valvu, na kile kisigino.

Kimoja. Akaenda mbele. Viwili. Akasimamisha. Kimoja. Viwili. Aliijua ngoma hiyo; ndivyo tagi inavyozunguka meli wakati nahodha anapiga porojo. Aliicheza miaka mingi, akila mkate wake katikati ya vishindo. Wanaume wa meli ngapi walisimama juu yake namna hii, wamelowa, wakingoja yeye amalize mkate? Hakuwahi kujiuliza. Leo alijiuliza.

Ubavu wa tagi ulileta sauti mpya. Mtu wa kule chini husikia kupitia mbao kabla wa juu hawajasikia kwa masikio, na Lanty aliijua: ni mawimbi yanayovunjika juu ya mawe. Kimoja. Akapeleka mbele. Sasa, akasema moyoni, sasa anakwenda kumchukua. Magurudumu yalipiga maji kwa nguvu, tagi ikatetemeka, ikasogea.

Viwili.

Mkono wake ulikuwa tayari umeshika wenzo wa kusimamisha. Ulikwenda wenyewe, kama mkono wa mtu anayeamkia. Kisha akayakumbuka maneno ya kijana: unapigiwa kisigino kichwani, na wewe unaitikia. Bado anazungusha, akawaza. Mwanangu yuko juu ya miamba na huyu mtu bado anazungusha kwa ajili ya kamba.

“Si leo, Gawen,” akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia, akauachia mvuke wote uende mbele.

Patience iliruka. Kwa pumzi mbili hivi Lanty alijisikia mtu, na furaha ilimpanda kifuani. Kisha gurudumu la kushoto liligonga kitu kizito, likakwaruza, likaguna, na injini nzima ikakwama na kutikisika kwenye misumari yake. Mvuke ulianza kulia kwenye valvu. Kidirisha kikafunguliwa kutoka juu, na uso wa Gawen ukatokea, umelowa, mweupe.

Hakupiga kelele. “Lanty,” akasema, “nilipiga viwili.”

Lanty alipanda juu. Amari nene ilikuwa imejisokota kwenye gurudumu, imezunguka mbao zake, imeingia mpaka kwenye mhimili. Haikuwa yao. Yao ilikuwa pale pale nyuma ya bomba, mpya, imekunjwa, bado inanuka lami. Hii ilikuwa kuukuu, ya kijivu, na ncha yake ya pili ilikuwa imefungwa kwenye meli. Gawen alikuwa amekubali. Alikuwa amechukua kamba ya Selby, akasogea kuipokea, akasimamisha magurudumu ili isinaswe, jinsi kila mtoto wa Shields anavyojua inavyofanywa.

Walikata kwa mashoka. Nichol alilia huku anakata, na hakuwa na tusi hata moja. Kamba ilipokatika Amity ilikwenda zake kinyumenyume, taratibu kabisa, na watu waliokuwa wameshangilia kamba ilipopokelewa walikuwa bado wameinua mikono. Patience ilishikwa na nanga yake, gurudumu moja bovu, na watu wake watatu wakatazama mpaka mwisho, kwa sababu hapakuwa na jingine la kufanya.

Mashua ya uokozi ilitoka upande wa kusini. Iliwapata wawili: mpishi, na kijana aliyevaa kofia nyekundu.

Basi Cuddy alizipanda zile ngazi, amebebwa na wanaume wanne, na buti alivuliwa na mama yake. Mungu hutoa. Wakati mwingine nadhani hutoa ili akukomeshe kuomba. Kesho yake asubuhi kijana alikuwa ameketi karibu na moto, kikombe cha supu mkononi, na alisema neno ambalo Lanty alilingoja miaka.

“Baba.”

“Mwanangu.”

“Mpishi anasema ni injini ndiyo iliyoharibu. Mimi nilisema haiwezekani.” Cuddy alikohoa, akapumzika. “Tulikuwa tumepona, baba. Kamba imefika, Selby anacheka, anamtukana Purvis kwa furaha. Halafu tagi ikaruka mbele. Kwa nini iruke? Nani huruka juu ya kamba?”

Lanty alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Mally alikuwa anakata mkate, na kisu kikasimama.

“Purvis atasema ni wewe,” Cuddy akaendelea. “Akisema hivyo namvunja meno. Wewe hujawahi kukosea kishindo. Unajua nilikuchukia kwa hilo hilo? Nilikuwa nasema, yule mzee hata akiambiwa aende motoni atauliza kwa mwendo gani. Na jana usiku nimelala nikawaza, heri angekuwa baba yangu peke yake kwenye chombo kile. Basi, ndiyo hivyo. Nisamehe.”

“Huna cha kusamehewa,” Lanty akasema. Hiyo ilikuwa kweli, na ndiyo kweli ya mwisho aliyomwambia.

Uchunguzi wa vifo ulifanyika ghorofani kwenye baa moja karibu na gati la samaki, kama ilivyo kawaida pale, maana sheria inataka maiti wawe karibu, na chumba kiwe kikubwa. Maiti waliopatikana walikuwa chini kwenye banda la mapipa. Wajane walikaa mbele. Cuddy alikaa ukutani, blanketi mabegani, karibu na mama yake.

Nichol aliitwa kwanza. Alisema aliona kamba ikirushwa na kupokelewa, kisha akakimbilia kigari upande wa pili, na kwa upepo ule asingesikia hata radi. Vishindo hakuvisikia. Kisha akaitwa Gawen. Alisimama na kofia mkononi, hakutafuta maneno ya kujipamba.

“Nilibishana na Selby kuhusu kamba,” akasema. “Nilibishana kuliko ilivyofaa. Hilo ni langu na nitalibeba. Kisha nikakubali. Ilikuwa kwa sababu mwenzangu aliniomba, mwanawe alikuwa mle. Nikachukua kamba yao, nikapiga vishindo viwili, injini ikaenda mbele.”

“Viwili, una hakika?” mchunguzi akauliza.

“Bwana, mguu ni wangu.”

Mwanamke mmoja mbele akasema, “Mguu wa shetani,” na wengine wakaguna.

Lanty akaitwa. Kutoka kwenye kiti mpaka mezani hapakuwa mbali. Alipita mbele ya Gawen, na Gawen akamtazama bila hasira, jinsi alivyomtazama miaka yote kabla ya kazi, kama anayesema, haya, twende. Hakuwa na wasiwasi. Hilo ndilo lililomkata Lanty maini baadaye, kila alipolikumbuka: yule mtu hakuwa na wasiwasi naye hata kidogo.

“Wewe ndiye uliyekuwa kwenye injini,” mchunguzi akasema. “Kidirisha kilikuwa kimefungwa. Ulisikia vishindo vingapi?”

Ukutani Cuddy alikuwa ameinua kichwa. Uso wake ulikuwa wazi kabisa. Lanty hakuuona uso ule umefunguka hivyo tangu kijana alipokuwa mtoto wa kubebwa, na alijua kwamba neno moja litaufunga, na kwamba safari hii hautafunguka tena maisha yake yote.

“Kimoja,” akasema.

Chumba kikaanza kunong’ona. Gawen hakubisha. Aliinua mkono akaligusa kovu juu ya jicho, kama mtu aliyewashwa, akauteremsha. Wazee wa baraza waliokaa na mchunguzi waliamua ni ajali, wakaongeza maneno makali kuhusu nahodha wa tagi, na wajane waliposhuka ngazi mmoja baada ya mwingine walimtemea Gawen Purvis miguuni. Aliwapisha wapite.

Nyumbani Mally alipakua chakula cha watu watatu. Cuddy alipolala alimsogelea mumewe, akamshika shavu lenye masizi, akamtazama machoni muda mrefu. Mwanamke haishi miaka ishirini na mtu bila kujua anavyosema kweli. “Kula,” akasema, akaenda kuosha vyombo, na habari hiyo haikuongelewa tena ndani ya nyumba ile.

Nichol Dunn aliondoka kwenye Patience wiki hiyo hiyo. Hakuna aliyetaka kufanya kazi na Gawen. Watoto walimrushia samaki waliooza, na baa alizonywea tangu ujana zikawa hazina nafasi. Lakini meli zilikuwa zikija, na nusu ya tagi ilikuwa yake. Siku gurudumu lilipokwisha kutengenezwa alikuja mpaka chini ya ngazi za Lanty, hakupanda.

“Mvuke uwe tayari maji yakianza kujaa,” akasema.

Lanty alidhani atasikia la pili. Alilitamani. Angetukanwa, angepigwa, angepata pa kushikilia. Gawen alikuwa ameshageuka anakwenda zake. Na Lanty akaenda kuwasha moto. Mtu ukishamwibia mwenzako jina lake, utamnyimaje na mkono?

“Nakuja nawe,” Cuddy akasema.

“Wewe? Chini ya bomba?”

“Nani atakuangalia? Umuachie shetani yule mgongo wako? Nitachochea moto.” Akacheka, akamgonga baba yake begani. “Si ndivyo ulivyotaka?”

Ndivyo alivyotaka. Bega kwa bega, koleo kwa koleo, mwanawe akifoka kwa joto, akiuliza valvu hii ni ya nini na ile ni ya nini, akishika haraka kuliko baba yake alivyoshika. Patience ilitoka mtoni na maji. Mtu mpya, mlevi wa kutoka kusini, alisukuma kigari kimya kimya. Kisigino kilipiga kimoja, wakaenda. Wakaifikia meli ya kwanza, na Gawen hakubishana na nahodha wake. Siku hizi alichukua kamba ya mtu yeyote kwa bei yoyote. Kisigino kikapiga viwili.

Kabla mkono wa Lanty haujafika kwenye wenzo, kidirisha kilifunguliwa. Gawen alikuwa ameinama, ameangalia chini. Sauti yake ilikuwa ya upole.

“Vingapi, Lanty?”

Moto ulinguruma. Cuddy alisimamisha koleo.

“Viwili,” Lanty akasema.

“Ahsante.” Kidirisha kikafungwa.

Ikawa hivyo meli ya pili, na ya tatu. Ikawa hivyo kesho yake, na wiki iliyofuata, na majira ya joto yalipoingia, na mawimbi yalipolala kabisa mpaka mtu angesikia kishindo cha paka. Kimoja hakuuliza, vitatu hakuuliza. Viwili tu. Kidirisha, kovu, swali.

“Huyu mzee ana nini?” Cuddy akauliza siku moja, akifuta jasho kwa kofia yake nyekundu. “Kwani wewe kiziwi? Mwambie yeye ndiye asiyejua kuhesabu, Shields nzima inajua.”

Alicheka kwa sauti, akimtazama baba yake ili wacheke pamoja. Na Lanty alicheka naye, kwa kuwa mwanawe alikuwa anacheka.

Juu vikapigwa viwili. Kidirisha kikafunguliwa.

“Vingapi, Lanty?”

“Viwili,” akajibu, akasimamisha injini.